Barua Iliyomzika Baba

Leo nimeaibika mbele ya mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma, mlinzi wa getini na baba yangu mzazi, wote kwa mpigo. Nipo chumbani kwa shangazi hapa Kalangalala, nimejifunika khanga hadi kichwani, naandika kwa kidole kimoja. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Mnanifahamu. Ni mimi Limi, mwalimu wa Kiswahili na Historia, mwenye cheti ndani ya bahasha ya kaki na bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Huu ni mwaka wa nne natafuta kazi. Barua nimepeleka nyingi mpaka nimesahau nilikozipeleka. Zote zinaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na zote zinaisha na "Natanguliza shukrani". Hakuna aliyewahi kunijibu. (Shukrani zangu zilitangulia, zikapotelea hukohuko.)

Mwezi uliopita rafiki yangu Mbuke, anayechapa barua za watu kwenye steshenari yake karibu na stendi, akanichana.

"Limi, barua yako kavu. Unamwambia mwenye shule una shahada. Kila anayeingia hapa ana shahada. Mwambie kwa nini wewe ndiye uwe mwalimu. Mguse mtu moyo."

Alisema kweli. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikaandika habari za baba. Baba ni mkulima wa tumbaku kule Ushetu, na shule aliishia darasa la nne. Kabla sijaanza la kwanza alinifundisha herufi kwa mkaa, kwenye ukuta wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, huku akichochea moto. Hiyo ni kweli tupu. Lakini nilipoisoma nikaona bado haitoi machozi. Ndipo nikaongeza neno moja mbele ya jina lake: marehemu. (Mkono ulisita. Kidogo tu.) Neno lile likataka wenzake, nikaandika kwamba moshi wa bani ulimmaliza kifua, na kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Mwanangu, kafundishe."

Mbuke anajua baba yuko hai. Amekula karanga zake. Lakini alichapa barua ile huku anafuta machozi, na mimi nikajua imeiva.

Ikaiva kweli. Juzi nikapigiwa simu na shule moja binafsi ya sekondari nje kidogo ya mji, niende leo saa nne asubuhi kwenye usaili. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka kuku wa shangazi wakatawanyika. Halafu, kwa furaha ileile, nikampigia baba.

Sijui kwenu, lakini kwetu mtoto haendi kwa watu wageni kama mbuzi aliyekata kamba. Mzazi humpeleka, akamkabidhi kwa mkono wake, akasema huyu ni wangu, akikosea niiteni. Kwa hiyo jana mchana baba akashuka kwenye basi amevaa koti lake la kanisani, mkono mmoja mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa, mkono wa pili jogoo mwekundu.

"Baba," nikamsihi, "siku hizi mtu anakwenda usaili peke yake. Wewe pumzika hapa kwa shangazi."

"Sawa, ng'wanone," akajibu. Kwa Kisukuma ni mwanangu.

Nilipaswa kuijua sawa ya baba. Hiyo hutolewa ili mtu anyamaze, siyo ili atiiwe.

Saa nne kamili nimeketi ofisini. Mkuu wa shule ni mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kwa kamba kifuani, wote wanamwita Madam. Pembeni yake mwalimu wa taaluma, kijana mwenye tai na daftari. Madam akachukua barua yangu kutoka kwenye rundo, akaisoma kwa sauti. Jamani, ilikuwa barua nzuri. Alipofika kwenye maneno ya mwisho ya baba, sauti ikamkatika.

"Pole sana, mwalimu," akasema. "Na mimi baba yangu aliondoka hivyohivyo, kifua."

"Ahsante, Madam," nikasema, macho chini.

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Nafasi ilikuwepo, pana kama mlango wa kanisa. Nikakaa kimya kwa sababu nilikuwa nataka ile kazi, na nimechoka kula kwa shangazi.

"Kabla hatujaendelea," Madam akasema, "tusimame dakika moja tumkumbuke mzee huyu."

Tukasimama. Mwalimu wa taaluma akainamisha kichwa, akashika tai yake. Mimi nikafumba macho. Ofisi ikawa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani. Na katika kimya kile, nje ya mlango, jogoo akawika.

Namjua yule jogoo. Ameniamsha leo alfajiri.

"Hodi," mlinzi akagonga, akachungulia. "Samahani Madam, kuna mzee hapa. Anasema yeye ni baba wa huyu mwalimu, amekuja kumkabidhi."

Madam akanitazama. Mwalimu wa taaluma akanitazama. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikatoa uongo wa pili ukiwa mbichi kabisa: "Atakuwa baba mdogo."

Baba alikuwa ameshaingia, amevua kofia, jogoo kwapani. "Hapana, mama mkuu," akasema kwa upole, akidhani anasaidia. "Mdogo wangu yuko nyumbani analinda mifugo. Huyu nimemzaa mwenyewe. Ndiye wangu wa kwanza, hata mimi wananiita Baba Limi."

Tulikuwa bado tumesimama. Wasailiwa wengine sijui kama wamewahi kusimama kumkumbuka mtu ambaye naye amesimama palepale.

Madam hakugomba. Afadhali angegomba. Alimpa baba kiti, kisha akampa barua. "Mzee, unajua kusoma?"

"Kidogo kidogo."

Akasoma kama anavyosoma siku zote, kidole chini ya kila neno, midomo ikitembea. Alipofika kwenye mkaa na ukuta wa bani akatabasamu, akanitazama kwa fahari. Nilitamani barua iishie hapo. Kidole kikaendelea. Kikafika, kikasimama, kikarudi nyuma, kikapita tena juu ya neno lile.

"Hili neno," akasema, "sikukufundisha mimi."

Machozi yalikuwa yananitoka, na safari hii hayakuwa ya kuombea kazi.

"Mwaka jana nililazwa kwa hiki kifua," baba akaendelea, siyo kwa hasira. "Ulikaa na mimi hospitali mpaka nikatoka. Ulikuwa unalala sakafuni, unamwomba Mungu nisife. Leo Mungu asikie lipi?"

Nikajifuta uso kwa kiganja.

Madam akavaa miwani. "Mwalimu, asiyejua kuandika barua naweza kumwajiri, nikamfundisha. Mwongo siwezi kumkabidhi watoto wa watu."

"Na mimi siwezi kumkabidhi," baba akasema, akasimama. "Mama mkuu, nilikuja kuwaambia huyu ni wangu. Ni wangu kweli, na amekosea, na ni kama mmeniita kabla hata sijawapa michembe. Nisameheni. Nakwenda naye nyumbani, bado sijamaliza kumfundisha."

Miaka minne ya kutafuta kazi, ndugu zangu, na baba mwenyewe ndiye ananiondoa kwenye usaili. Nikachukua mfuko wangu wa nailoni. Nilijua kazi imekwenda, na kilichoniuma zaidi siyo kazi.

Tulikuwa tumefika mlangoni Madam aliposema, "Mzee, kaa chini." Akavuta karatasi nyeupe kwenye printa, akaisukuma upande wangu na kalamu. "Andika barua nyingine. Hapahapa, kwa mkono, baba yako akiwa anakuona."

Nikaandika. Hakukuwa na kichwa cha habari hapo juu. Niliandika kwamba baba yangu, mkulima wa Ushetu, alinifundisha kusoma kwa mkaa, akifuta ukuta kwa kiganja chake kila nilipokosea, bila kunipiga. Kwamba nataka kuwafundisha watoto hivyo. Kwamba nilidanganya kwenye barua ya kwanza kwa sababu niliona ukweli wangu ni mdogo, na najuta. Ilikuwa nusu ukurasa. Mwandiko ulikuwa mbaya kuliko wa darasa la nne.

Nilipofika chini nikampa baba kwanza, siyo Madam. Kidole kikatembea tena, polepole, mstari kwa mstari, hadi mwisho.

"Wapi nakufa?" akauliza.

"Hufi, baba."

"Basi tia sahihi."

Mwalimu wa taaluma akajifanya anakohoa. Madam akaipokea barua, akaisoma kimyakimya, akaiweka peke yake, mbali na rundo. Akasema watanipigia Ijumaa. Hakusema zaidi, na uso wake sikuweza kuusoma. Baba akawaachia michembe. Jogoo hakumwacha, alisema huyo ni wa siku ya kukabidhi. Getini mlinzi, ambaye habari aliipata nusu, alinipa mkono akaniambia pole na msiba.

Sasa hivi baba yuko uani anakunywa uji na shangazi. Ameniita mara mbili, nami naona aibu kutoka. Ameita tena: "Itika, ng'wanone, anayekuita siyo mzimu."

Ngoja niende. Msicheke, nawaomba. Na kama kuna mwenzangu anatuma barua ya kazi leo, ampigie kwanza baba yake amuulize kama yuko tayari kufa.