Kuroiwa Aonja Dawa Yake

Watu wa Shizuoka, kule Japani, wakiona foleni hujipanga kwanza, ndipo huuliza kinauzwa nini. Kuroiwa, bingwa wa maneno matamu, alilijua hilo. Akawasimamisha shemeji zake wawili mbele ya meza yake, na punde nusu ya sherehe ya hekalu ikawa nyuma yao.

"Wasabi ya mlimani! Inazibua pua, inaua vijidudu vya samaki mbichi, inarudisha kumbukumbu!"

Ndani ya makopo hamkuwa na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani kiliwacho na samaki mbichi, bali mzizi mweupe wa bei chee, rangi ya kijani, na haradali ya kumliza maiti. Maana wateja wenyewe, wastaarabu hao, wasipolia hawaamini. Waliikoroga kwenye sosi ya soya mpaka ikawa tope, wakatikisa vichwa kitaalamu.

Kwenye meza ya jirani, Bi Tsuyako, mjane anayelima wasabi ya kweli kijitoni, hakuwa ameuza hata shina moja. Akikosa wateja na leo, kamati ya sherehe ingempa Kuroiwa kona hiyo, aliyouzia yeye na marehemu mumewe tangu ujana.

"Kijana, hiyo si wasabi."

"Bibi, wivu unazeesha!"

"Haya, kila mtu ale kijiko cha yake. Wa kwanza kutoa chozi aihame kona hii."

Umati ukashangilia. Kuroiwa akachekea tumboni: wasabi halisi, iliyokunwa papo hapo? Kikongwe atalia kabla hajafunga mdomo!

Bi Tsuyako akalikuna shina lake kwenye kibao cha kukunia cha ngozi ya papa, taratibu, akizungusha. Kisha akaomba radhi amkumbuke mumewe kidogo. Akasimulia mumewe alivyomposa, alivyokoroma, alivyogombana na nguruwe mwitu. Nani amkatize mjane? Kuroiwa akainamisha kichwa kwa heshima zote.

"Woga huo," akawanong'oneza shemeji zake.

Chai zikapoa. Hatimaye wakala.

Bi Tsuyako akameza, akajifuta mdomo. Kuroiwa akaiva uso, akashika pua, machozi yakamwagika mpaka kwenye kola.

"Vipi, shemeji, pua imezibuka?" akauliza mmoja wa shemeji zake.

Foleni ikahamia kwa bibi. Akaimwaga ile ya mwanzo, akakuna nyingine.

"Weka juu ya samaki, mwanangu, usikoroge. Na ule sasa hivi. Ikikaa robo saa ukali wote umekwenda, hailizi hata kichanga."

Kuroiwa, aliyekuwa akifunga virago, akasikia. Akakaa juu ya makopo yake akalia upya, na safari hii haradali haikuhusika.