Geti la Albamu ya Pili

Msomi alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa aliposikia riziki ikiongea kwenye kiti cha jirani. Mfanyabiashara mmoja wa matairi alikuwa akimlalamikia kinyozi wake kwamba bendi ya roki iitwayo Radi Kavu inaahidi albamu ya pili mwaka wa tatu sasa, na hata mlio wa gitaa haujasikika.

"Ile ya kwanza ilinitoa machozi garini. Mimi, mtu mzima!" alisema. "Hii ya pili ningetoa chochote niisikie kabla ya watu."

Jina la Msomi alijipa mwenyewe, baada ya shule mbili kumfukuza na ya tatu kumkatalia getini. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu wasiokosa kitu vitu visivyokuwepo. Lakini mwezi huo alikuwa amebanwa kwelikweli. Yeye na mkewe waliishi chumba cha uani kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuchomelea mageti, na mke alikuwa ameshasema: mwezi ukiisha, ama kodi ya nyumba yao wenyewe ipatikane, ama Msomi avae aproni aingie karakana. Aliiogopa aproni ile kuliko polisi. Polisi alishawazoea.

"Bosi," alisema, akigeuka ghafla hadi kinyozi nusura amnyoe sikio, "sikutaka kulisema hili mbele za watu."

Akalisema mbele za watu. Albamu ipo, anayo, na Jumamosi itasikilizwa kwa siri na wateule wachache, kwa kiingilio cha heshima.

Kilichobaki ni albamu yenyewe, jambo dogo. Asubuhi iliyofuata aliificha simu yake chini ya ndoo ya misumari katika karakana ya shemeji, akaiacha irekodi. Grenda ililia, nyundo ikapiga chuma, na juu ya yote hayo fundi aliimba kwa sauti ya mikwaruzo ule wimbo wake wa kila siku, wa kumsuta mteja aliyeagiza geti akatoweka: "Njoo uchukue geti lako, linanizibia njia." Msomi alisikiliza dakika mbili, akaona inatisha vya kutosha, akaenda kutengeneza vyeti.

Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake. Alipenda mihuri kama wengine wanavyopenda watoto. Alikuwa nayo miwili, mmoja wa chama cha wafuga kuku kilichokufa zamani, na kila msikilizaji alipewa cheti chenye yote miwili na maneno haya: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini nathibitisha kwamba kila mlio, kila neno na kila kishindo ni kazi ya Radi Kavu, wala si ya mtu mwingine yeyote." Chini yake ikakaa sahihi ya Msomi, yenye mikia mitatu.

Jumamosi saa tisa alasiri walikusanyika watu kumi na mmoja katika ukumbi mdogo juu ya duka la dawa. Mtu wa matairi alikaa mbele. Pembeni alikaa mhakiki wa gazeti, aliyeingia bure, na nyuma kabisa mwanamke mwenye kofia akitafuna ubani. Albamu ikapigwa. Ikaisha. Mtu wa matairi alimtazama mhakiki, mhakiki akatazama dari, na Msomi akautazama mlango.

"Wamekomaa," mhakiki alisema hatimaye.

"Wamekomaa sana!" wakaitikia wote kwa pumzi ya ahueni.

"Na lile geti," mhakiki aliendelea, sasa amechangamka, "ni sisi. Sisi ndio tumeagizwa tukasahauliwa."

Mtu wa matairi akaanza kulia.

"Mwimbaji mbona si yule?" aliuliza mwanamke wa nyuma.

"Ndiye yule yule, dada. Koo ameliharibu makusudi, kwa ajili ya sanaa," Msomi alijibu.

"Naomba nakala." Akalipa bila kuomba apunguziwe. Msomi, aliyeishi kwa kuwashuku watu, hakushuku.

Wiki mbili baadaye, viingilio vikiwa havijafika hata nusu ya kodi, alisikia redioni kwamba Radi Kavu wametoa albamu ya pili, inaitwa "Geti". Mwanamke wa kofia alikuwa mpiga ngoma wao. Miaka mitatu ya kugombana studio ilikuwa imewapa wimbo mmoja na nusu, na ile nusu ndiyo iliyokuwa nzuri. Sasa mji mzima uliimba kuhusu geti. Mhakiki alijaza ukurasa mzima. Mashabiki wa zamani walilaani kwamba bendi imesaliti roki, na kila laana iliongeza wanunuzi.

Msomi aliingia studio yao bila kubisha. "Mmeniibia kazi yangu!"

Mpiga ngoma akatandika cheti mezani. "Sahihi hii ni ya nani?"

Msomi aliitazama ile mikia mitatu. Haikuwa na mwenzake duniani.

"Kama si kazi yetu, basi uliwatapeli watu kumi waliolipa. Twende polisi tukaeleze?"

"Lakini ile sauti..."

"Na mwenye sauti tumeshaelewana."

Mlango ukafunguka, akaingia shemeji, amevaa miwani myeusi. Kumbe katikati ya kile kilichoitwa wimbo wa sita rekodi ilimnasa fundi akipokea simu ya mteja na kumwelekeza karakana, nyuma ya stendi, mlango wa bluu. Mhakiki alikisifu kipande hicho kuliko vyote. Msomi hakuwahi kukisikia: karakana alisikiliza dakika mbili tu, na ukumbini alikuwa akihesabu viingilio.

"Shemeji, heri umekuja," alisema fundi, akimrushia funguo. "Nazunguka na bendi mwaka mzima. Karakana haiwezi kufungwa."

Msomi alirudi nyumbani na funguo za karakana mfukoni. Mkewe alikuwa amekaa barazani, ametulia, anakunywa chai.

"Mume wangu, usihuzunike," alisema. "Kodi ya nyumba imepatikana. Nimeliuza lile geti la kwenye wimbo."

Msomi nusura alie kwa furaha. Alimwona mke wake upya, akampenda kama siku ya kwanza. "Umemuuzia nani?"

"Mtu wa matairi. Na mhakiki. Na wengine watano. Kila mmoja nimempa cheti, nimegonga mihuri yako yote miwili. Sahihi yako nayo nimeshaizoea."

"Watu saba! Geti si ni moja?"

"Ndiyo." Mkewe aliweka kikombe chini, akaingia ndani, akatoka na aproni. "Wanakuja kuchukua Jumamosi."