Namba Zote Hupitia Masijala

"Usiiangalie hiyo namba," Mkurugenzi alisema, akiikumbatia simu yake kifuani kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike. "Ni ujumbe wa serikali."

"Ni namba yangu ya kufungulia barua pepe," binti yangu alijibu kutoka nje ya dirisha. "Nisomee tu, mzee. Tarakimu sita. Itakufa sasa hivi."

"Ujumbe wa serikali haufi. Unachakatwa."

Mimi nilikuwa upande wa ndani, nikiwa Katibu wa Idara ya Kuwezesha Barua Pepe kwenye Simu Janja. Binti yangu alikuwa upande wa nje, akiwa mwananchi. Alishajaribu kuniita mama, nikamweleza kwamba dirishani hakuna mama. Asubuhi nilimkaangia yai, lakini hilo ni suala la idara nyingine.

Ifahamike kwamba Idara yetu ilizinduliwa kwa tangazo kubwa: tangu siku ile, mwananchi hatafungua tena barua pepe peke yake bila kusimamiwa. Watu walikuwa wanafungua ovyo. Mtu anajilaza kitandani, anaandika jina lake, anabuni neno la siri, anamaliza kabla chai haijapoa. Hali hiyo isingevumilika.

Tukaweka utaratibu. Kila akaunti inaandikishwa kwa simu ya Mkurugenzi, ili heshima ijulikane iko wapi. Namba ya uthibitisho ikiingia, inakwenda masijala. Karani wa huko, tunayemwita Bwana Taratibu, anaifungulia jalada, anaigongea muhuri, anaitia kwenye bahasha na kuileta dirishani. Namba zenyewe huisha nguvu baada ya dakika kumi. Kamati iliketi kuhusu jambo hilo, ikabaini kwamba namba hazina uvumilivu. Mpaka siku binti yangu alipokuja dirishani hatukuwa tumemfungulia mwananchi hata mmoja, ushahidi tosha kwamba usalama ulikuwa imara.

Tatizo ni kwamba binti yangu alikuwa amepata kazi ya uuguzi. Alikuwa amekaa nyumbani hadi akawajua kwa majina wahusika wa tamthilia zote za mchana. Hospitali ilitaka aikubali kazi kwa barua pepe iliyofunguliwa na Idara yetu, kabla ya saa kumi na nusu jioni. Asipofanya hivyo, nafasi anapewa mwingine. Saa tisa ilikuwa imeshapita.

Bahasha ikafika. Binti akaandika namba. Simu ikakataa.

"Umeiandika kwa dharau," Mkurugenzi alisema. "Omba nyingine."

Hapo simu ya mezani ikalia. Nilipokea. Makao Makuu walitaka kujua ni wakurugenzi gani wako kazini. Kila mmoja atume barua pepe yenye neno moja, "Nipo", kabla ya saa kumi. Asiyetuma atahesabiwa ameacha kazi, na katibu wake atakaimu papo hapo.

Mkurugenzi alicheka. "Wanawatafuta wavivu hao." Akaketi, akaishika simu janja yake, akaandika nusu ya neno la siri, akakomea hapo.

Akaunti yake ilifunguliwa siku ya uzinduzi, mbele ya kamera. Kwa usalama, neno la siri liligawanywa nusu kwa nusu. Nusu alikabidhiwa yeye, nusu Mwenyekiti wa Kamati. Mwenyekiti amestaafu na nusu yake, na simu hapokei.

"Bonyeza pale palipoandikwa umesahau," binti yangu alimwambia kupitia dirishani. Msaada wa bure, bila jalada.

Alibonyeza. Namba ikaingia kwenye simu yangu, maana Mkurugenzi hawezi kuandikishwa chini ya mtu wa cheo sawa na chake, hata kama mtu huyo ni yeye mwenyewe.

"Nisomee, dada," alisema. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakuwahi kuniita dada.

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameacha kubishana. Alikuwa anauma mdomo wa chini, kama anavyofanya tangu utotoni akijizuia kulia.

"Ni ujumbe wa serikali, Mkurugenzi," nilisema, nikamkabidhi Bwana Taratibu simu yangu.

"Dada, maji yamenifika shingoni."

"Yatachakatwa."

Bwana Taratibu hajawahi kukimbia hata mvua. Alitafuta jalada, akatafuta wino wa muhuri, akalamba bahasha pembe zote. Mkurugenzi alimsimamia mgongoni. "Chapchap basi, ndugu yangu."

"Chapchap haimo kwenye mwongozo, mzee. Mwongozo uliuandika wewe."

Bahasha ilipofika, simu ilikataa. Kama aliiandika kwa dharau au la, sikutaka kuingilia.

Saa kumi simu ya mezani ikalia. Nikaambiwa nikaimu. Nikakaimu.

Niliifuta namba ya Mkurugenzi kwenye maombi ya binti yangu, nikaweka ya simu yake mwenyewe. Simu ikalia mkononi mwake. Akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe, akaikubali kazi. Hospitali ikamjibu kwamba aripoti Jumatatu. Nilichungulia barabarani kuona kama kuna madhara yoyote kwa taifa. Mama mmoja alikuwa anavuka na mwavuli.

Mkurugenzi alizunguka nje, akaja kusimama dirishani. Alitaka kukata rufaa. Makao Makuu hupokea rufaa kwa barua pepe tu.

"Nifungulie basi nyingine, dada."

"Una simu, una vidole. Fungua."

Akaikodolea macho simu. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Unaanzia wapi?" aliuliza.

Nilitafakari kama kaimu anavyopaswa kutafakari. Nikachukua karatasi, nikaandika: *Idara imevunjwa. Kila mtu afungue yake.* Nikaibandika kwenye kioo, mbele ya pua yake, nikafunga dirisha.