Kocha Anayekula Pai kwa Mchuzi

Jumatatu, 17 Machi

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi: lifunge. Kama umeshalifungua, basi usimwambie mtu. Hata mkeo. Hata mchungaji wako. Mimi ni Onni Pelto, karani wa dirisha la tiketi, Chuo cha Carnow, na neno moja likitoka humu nimekwisha.

Leo Kocha Hollo ameachishwa kazi. Miaka kumi na tisa na timu yetu ya hoki ya barafuni, Nungunungu, halafu vipigo kumi na kimoja mfululizo. Simu hazijanyamaza tangu asubuhi. Bwana Trembath, ambaye kwa majira sita ya baridi ameandika FUKUZA HOLLO juu ya paa la ghala lake, alipiga akilia. Akauliza sisi tuna roho gani. Jioni nikapita kwake. Ameshapanda ngazi na kopo la rangi. Sasa panasomeka RUDISHA HOLLO.

Saa tano Mkurugenzi wa Michezo, Bi. Trudgeon, aliniita. Aliteleza langoni wiki iliyopita, mkono umevunjika, uko kwenye plasta, hawezi kuchapa. Nikachapa mimi. Nimeona jina! Bwana Garrick Stoltz, kocha wa chuo kimoja huko Dakota Kaskazini. Sharti lake moja tu: wachezaji wake waisikie habari kutoka kinywani mwake mwenyewe, Ijumaa mchana. Wakiisikia kabla, haji. Bi. Trudgeon alisema tunaojua ni wawili, na yeye hana tabia ya kuropoka. Jina likivuja, nitoke kwa mlango uleule nilioingilia. Nikatia sahihi ahadi ya siri. Niliandika kwa uangalifu mno hadi sahihi ikafanana na ya babu yangu.

Saa tisa akapiga Bibi Lempi Hautala. Ana miaka sabini na mmoja, na kiti chake kiko nyuma tu ya benchi la timu. Hufuma sweta mechi nzima bila kutazama sindano. Aliuliza kwa upole kama kocha mpya amepatikana. Nilikuwa imara. Nilimwambia siwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba yupo, na hata kama yupo, hatoki Minnesota. Akanishukuru sana. Mama muungwana kweli.

Jumanne, 18 Machi

Balaa! Mtandaoni, kwenye jukwaa la mashabiki, herufi kubwa: HATOKI MINNESOTA. HABARI KUTOKA NDANI KABISA. Nilimwaga kahawa juu ya faili la barua za matusi.

Nani? Nimefikiri asubuhi nzima. Ni Harju tu. Harju ndiye dereva wa mashine ya kulainisha barafu. Huja ofisini kwetu kuota joto, hana haraka, na huniita Profesa mbele za watu. Mtu asiye na haraka ana jambo.

Nikamtegea. Nilimnong'oneza kwamba kocha mpya anatoka Alaska na hali nyama. Akatafuna kijiti chake, akasema, "Haya, Profesa. Mwache ale majani." Nikasubiri iandikwe jukwaani. Haikuandikwa. Kumbe mjanja kuliko nilivyodhani!

Bibi Lempi alipiga tena. Anataka kumfumia kocha mpya skafu, ila hajui kama ni mtu mnene. Hapa wengi wangeanguka. Mimi nilimjibu kwamba siwezi kuzungumzia shingo ya mtu ambaye sijamwona, na sitamwona hadi kesho saa nane. Akasema, "Mungu akubariki, mwanangu, kazi yako ngumu." Nilikaribia kulia. Ni mtu wa kwanza kuliona hilo.

Jumatano, 19 Machi

Uwanja wetu wa ndege una mlango mmoja. Leo walisimama hapo watu ishirini na sita, wote na kofia za Nungunungu, wote wakidai wanapokea wageni. Ndege ina abiria tisa.

Lakini nilikuwa nimejiandaa. Badala ya kuandika jina, bango langu lilisema MKAGUZI WA MAGARI YA THELUJI. Bwana Stoltz akashuka, viatu vya ngozi, hana hata buti, nikamvuta pembeni nikamweleza. Akakubali kuwa mkaguzi. Kosa dogo: kila mtu mjini ana ndugu anayeendesha gari la kusukuma theluji. Dereva mmoja alimbana dakika kumi kuhusu kisu cha mbele kilichopinda. Bwana Stoltz alisikiliza, akaahidi kulifuatilia. Nikampenda hapo hapo.

Baada ya kikao Bi. Trudgeon akanituma chakula. Mgeni anataka pai ya nyama kama wanavyokula wenyeji, ila bila turnipu, ile mboga yetu ya mizizi, na iwe na mchuzi.

Nilisimama kaunta nikasema hivyo hivyo. Duka zima la pai likanigeukia. Uma zilisimama hewani. Watu hapa wamezaliwa, wameoa na wamezikwa na turnipu ndani ya pai na tomato sosi juu yake. Mama wa kaunta akaniuliza, "Onni, unaumwa?" Nikasema si yangu mimi, ni ya mgeni. Akauliza mgeni gani. Nikajibu kwa sauti, wote wasikie, kwamba si kocha.

Harju alikuwa meza ya dirishani, anakula. Hakuinua kichwa. Nimeliandika hilo.

Mgeni ameondoka na ndege ya jioni. Bado siku mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Jukwaa limewaka moto. ANAKULA KWA MCHUZI! Wamepiga kura: mia mbili na kumi na wawili hawamtaki, tisa wanamtaka, mmoja anauliza mchuzi wa nini. Bwana Trembath ameapa hatakanyaga uwanjani maisha yake yote. Saa moja baadaye alinipigia kuuliza kiti chake cha msimu ujao kiko salama.

Nimewasihi wawili watatu kwa simu wampe mtu nafasi. Nimewaambia hata kama angekuwepo, anaweza kubadilika.

Saa nane, Bibi Lempi. Skafu iko tayari, anaomba nimfikishie na salamu zake. Nilikataa. Sheria ni sheria. Nilimwambia siwezi kupokea salamu za mtu asiyekuwepo, ingawa angekuwepo angefurahi mno, maana mama yake naye ni mfumaji, na kila mechi ya kwanza ya msimu yeye huvaa sweta alilofumiwa naye. (Alinisimulia garini. Mtu mwema sana.) Nikasikia Bibi Lempi akitafuta kalamu. Kisha akasema, polepole, "Onni, mwanangu, mechi ya kwanza ya kila msimu?" Nikasema siwezi kuendelea na mazungumzo haya.

Saa kumi na moja: picha jukwaani, na juu yake: MECHI YA KWANZA YA MSIMU, SWETA LA MAMA. Gazeti la zamani la Dakota. Bwana Stoltz kando ya barafu, ndani ya sweta lenye kulungu kifuani. Jina kamili chini ya picha.

Siwezi kula.

Ijumaa, 21 Machi

Bwana Stoltz amepiga simu saa tatu asubuhi. Alipoingia chumba cha kubadilishia nguo kwa mazoezi ya alfajiri, wachezaji wake walikuwa wanamngoja, simu mikononi. Nahodha wake alimuuliza kama ni kweli. Bwana Stoltz anasema hawezi kuwatazama machoni halafu awaache. Haji. Bi. Trudgeon alirudisha simu mahali pake kwa mkono mzima, taratibu mno.

Nilikuwa na ripoti yangu. Kurasa kumi na moja! Usiku wa kuamkia leo sikulala. Zinathibitisha kwamba ni Harju. Ili kujisafisha, ukurasa wa tatu nilinakili neno kwa neno kila nilichomjibu Bibi Lempi, ionekane nilivyokuwa mwangalifu.

Bi. Trudgeon alisoma ukurasa wa tatu. Akausoma tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli nilitamka hayo ya shingo. Nikasema ndiyo, mama, na kwa uthabiti. Akalaza paji la uso juu ya plasta yake akakaa hivyo. Mabega yalitikisika. Sijui kama ni kilio au kitu kingine.

Mwishowe alisema hana moyo wa kumfukuza mtu aliyejichapia hukumu yake mwenyewe, tena kwa nafasi mbili kati ya mistari. Kuanzia Jumatatu nitanoa vyuma vya viatu vya kutelezea barafuni, ghorofa ya chini. Mkubwa wangu ni Harju.

Jumatatu, 24 Machi

Sasa nimeelewa! Wikiendi nzima nilihuzunika bure. Bi. Trudgeon hakunishusha. Amenipandikiza. Nani mwingine awekwe kando ya Harju, hatua mbili tu, amchunguze kutwa? Nimemkonyeza kwenye ngazi. Alitazama pembeni haraka. Mtaalamu.

Harju alinipa jozi moja ya viatu ninoe. Vidogo, vya kike, jina limebanduliwa. Vya mgeni wa Bi. Trudgeon wa kesho kutwa, akasema, na nisimwambie mtu. "Hata ukutani usiseme, Profesa." Anaonyesha kama ananiamini. Hatari sana mtu huyu.

Mchana akaja Bibi Lempi na viatu vyake. Alinivisha shingoni ile skafu. Ndefu, ya bluu na nyeupe. Akasema hajalala tangu Ijumaa. Akasema miaka kumi na tisa amekuwa akimpa Hollo pipi ya mnanaa kila kipindi cha tatu, na alitaka tu kujua atampa nani mwaka ujao. Akasema, "Ni mimi, Onni. Mimi niliyeandika jukwaani." Alikuwa na machozi.

Maskini! Anajibebesha dhambi za Harju. Nilimshika mkono, nikamwambia asijitese, hakuna neno alilolipata kwangu. Na ili aone nisivyovuja, nilimwonyesha ile jozi ndogo, nikamwambia siwezi kusema ni ya nani, wala haimhusu mtu kwa nini kocha wa Nungunungu awe na miguu ya ukubwa huu. Akanifunika mdomo kwa kiganja chake. "Nyamaza, mwanangu. Nakuomba, nyamaza." Nikaongea kupitia vidole, kumtoa wasiwasi.

Kwa hiyo, wewe uliyeokota daftari hili: ukitaka kunirudishia, usipige simu dirishani, siko tena. Njoo kaunta ya viatu, gonga mara mbili. Nisipokuwepo, usimpe Harju kamwe. Mwachie Bibi Lempi Hautala, kiti cha nyuma ya benchi la timu. Hakuna mwingine ninayemwamini. Jumatano saa nane usihangaike, nitakuwa uwanja wa ndege. Hakuna aliyenituma. Lakini bango la mkaguzi bado ninalo, nimeongeza tu neno moja chini: MWANAMKE.