Baba Yangu, Karani Mkuu

Jumatatu, 3 Machi
Mahakama ya zamani inageuzwa. Chini utakuwa ukumbi wa maigizo, juu makumbusho ya mji. Wazee tumeombwa tupeleke vitu vya wazazi wetu waliofanya kazi humo. Jirani yangu kinyozi amepeleka kofia ya baba yake, askari. Tangu asubuhi anatembea kifua mbele. Nitamkomesha!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata taipureta kuukuu sokoni. Herufi mbili hazipigi. Nimemweleza mama mhifadhi wa makumbusho, kwa uso mkavu, kwamba baba alikuwa karani mkuu na hukumu zote alizichapa yeye. Akaandika kila neno. Nikatia sahihi.
Baba alikuwa mfagizi. Watu walimwita Mzee Nta. Lakini nani anakumbuka? Dada yangu tu, naye haulizwi na mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Seremala ameng'oa jukwaa la hakimu apate nafasi ya jukwaa la maigizo. Sakafuni, maandishi ya penseli: “Nimepaka nta hapa. Mzee Nta.” Chini yake miaka kumi na tisa, mmoja mmoja. Kumbe kila mwaka waliinua jukwaa ili sakafu ipakwe nta, naye akaandika.
Mhifadhi nusura alie. Akasema chumba cha kwanza cha makumbusho kitakuwa cha mtu huyu, jamaa zake wakipatikana. Akanigeukia: mimi, mtoto wa karani mkuu, je, namfahamu? Kinyozi alikuwa pale, ametega sikio.
Nikasema simjui. Nikaongeza kwamba wafagizi walikuwa wengi.


Jumamosi, 8 Machi
Dada amesikia. Amekuja mahakamani na mkongojo wake, hakunisalimu. Mbele ya wote akapiga magoti, akayagusa maandishi, akasema huyu ni baba yao, yeye na huyo aliyesimama hapo kama nguzo. Kisha akaniuliza, polepole, baba alinikosea nini.
Kinyozi hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 9 Machi
Taipureta imerudishwa, kwa adabu. Kinyozi amepata sauti: ananiamkia kutoka ng'ambo ya barabara, shikamoo karani mkuu! Dada ndiye atakayefungua chumba cha baba. Nimekwenda kumwomba radhi. Akasema nikamwombe baba mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi
Nimekwenda kaburini. Nimelia, machozi ya kweli. Nimemwahidi baba kwamba sitasema uongo juu yake tena.
Njiani nikawaza: chumba kina maandishi tu, hakina ufagio wake. Mhifadhi angefurahi mno! Nimenunua mmoja dukani. Tatizo, ufagio ni mpya. Mke wangu anauliza kwa nini nimefagia ua mara nne leo. Nimemwambia ni mazoezi. Nikiendelea hivi, kufikia Jumatano ufagio utakuwa umetimiza miaka hamsini.