Vita vya Walerian na Msitu wa Sokolnik

Njooni, enyi mliokaa na mliosimama, enyi wenye masikio wazi na mlioyafunika kwa kofia za sufu! Sogezeni viti, zimeni redio, na anayemenya viazi aendelee kumenya ila kimyakimya. Leo siwasimulii habari za wafalme, maana wafalme wana watu wao wa kuwasifu, tena wanaolipwa. Nawasimulia habari za Walerian Pstrokoński, mwalimu mstaafu wa historia, jabari wa nchi ya maziwa, simba wa misonobari, bwana wa buti zilizopakwa mafuta ya nguruwe, ambaye asubuhi moja ya Septemba alitoka nyumbani kwake kwenda kula soseji, akarudi na jina. Ewe Mola, uliyempa jogoo sauti na mwalimu mstaafu sauti kubwa zaidi, nipe pumzi nifike mwisho bila kucheka.

Jueni kwanza kilichokuwa kinagombewa, maana vita bila sababu ni ugomvi wa walevi. Mwezi wa Aprili Walerian aliingia msituni kutazama jiwe la mpaka wa zamani, akapotea, mpaka wazimamoto wa kujitolea wakatoka na king'ora na kijiji kizima nyuma yao. Walimkuta amekaa juu ya kisiki, karibu na barabara kiasi cha kusikia magari yakipita. Yeye mpaka leo anashikilia kwamba hakupotea, alikuwa amepiga kambi. Lakini Seweryn, mwanawe wa pekee, aliona haya mbele ya wazimamoto, akatoa amri.

"Baba, msitu basi. Buti nipe mimi. Kama ni kutembea, utatembea mjini, kwenye lami, unazunguka bwawa la bata pamoja na wale mabibi wa mazoezi wanaotembea na fimbo mbilimbili."

"Tena wale mabibi wana mbio, shemeji," akadakia Ludomir, kaka wa mkewe Walerian, muuza matairi. "Utawaomba wakungoje."

Hapo Walerian akainuka mezani, kitambaa cha kulia kikiwa bado shingoni, akanena kwa sauti iliyotikisa vikombe: "Sikieni, enyi kizazi cha magurudumu! Mababu zetu waliupita msitu ule wakiwa na njaa, na adui mbele, na baridi nyuma, wala hawakuuliza njia! Nami Jumapili hii nitatoka hapa kwa miguu, bila simu, kwa njia ya kale inayozunguka ziwa, nami nitasimama chini ya Mnara wa Sokolnik, mnakochomea soseji zenu, kabla hazijaisha. Nikishindwa, buti hizi zichukueni, na mabibi nipeni!"

"Sawa," akasema Seweryn. "Ukifika mwenyewe, msitu wako mpaka kufa. Sisi tutatangulia na gari, tuwashe moto."

"Na mimi nakwenda na kikapu changu," akasema Bogumiła, mkewe Walerian, bila kuacha kuosha vyombo.

Ludomir masikio yakamsimama. Kwetu hapa, mtu anaweza kukwambia mshahara wake na maradhi ya tumbo lake, lakini mahali anapochuma uyoga hakwambii hata ukiwa umezaliwa naye tumbo moja. Bogumiła alikuwa na mahali. Kila vuli alirudi na kikapu kilichojaa uyoga mnene wa kofia ya kahawia, ule ambao kwetu ndio mfalme wa uyoga wote, na kila vuli Ludomir alimuuliza ameupata wapi. Jibu lilikuwa moja tangu ujana wao: "Msituni." Alikwisha kumfuata kwa baiskeli, kwa gari, na mara moja kwa mashua, wala hakuambulia kitu. Hata Walerian, mume wa ndoa, hakuwa anajua.

Basi Jumapili ikafika. Walerian akafunga kamba za buti, akabusu mlango, akashika fimbo yake ya mwaloni. Pale langoni Seweryn alimvuta mama yake kando, akamtumbukizia simu kikapuni chini ya kitambaa, akanong'ona, "Mama, mambo yakiharibika, piga. Usimsikilize." Kisha jeshi likaondoka: jemadari mbele, na nyuma yake mpiganaji mmoja mwenye kikapu na goti bovu.

Mwanzo wa safari ulikuwa wa ushindi mtupu. Walikata shamba la viazi bila kupoteza mtu. Walifika kwenye jiwe ambalo inasemekana Napoleoni alilikalia akala kifungua kinywa, na Walerian akasimama juu yake akalihutubia ziwa. Usiniulize kama ni kweli. Kila kijiji cha wilaya yetu kina jiwe la namna hiyo, na kama yote ni ya kweli, yule bwana alishindwa vita kwa kuvimbiwa. Walipita kanisa la mbao ambalo katika vita vya kale lilichomwa na Waswidi, na kinu kilichochomwa na Waswidi, na daraja lililooza lenyewe, ingawa Walerian hakuwa tayari kuwaondolea Waswidi lawama hata hapo.

"Mzee, uyoga ule pale," akasema Bogumiła, akionyesha kando ya njia.

"Mwanamke, tuko vitani!"

"Vita gani vinakataza kuinama?" Akainama, akachuma, akamfuata.

Ndipo adui alipojitokeza. Njia ya kale ina alama yake juu ya miti, mstari wa manjano kati ya mistari miwili myeupe, na mtoto wa chekechea huifuata. Lakini dhoruba ya Agosti ilikuwa imeulaza chini mti wenye alama, na njia ikamezwa na matawi. Walerian akatupa macho kushoto, akatupa kulia, na tazama, juu ya msonobari akaona doa la rangi ya chungwa! Na mbele yake jingine! Na jingine!

"Wameipaka njia upya!" akapaza sauti. "Nifuate, mama Seweryn! Historia inatuita!"

Bogumiła akafungua mdomo, akaufumba. Ameishi naye muda mrefu, anajua kwamba ukimzuia akiwa kwenye mbio hataacha kukimbia, ataongeza hotuba tu. Wakazama katika vichaka vya miiba, wakavuka tope lililompokonya jemadari buti moja na kumrudishia baada ya mapambano, wakapigwa na matawi, wakaumwa na mbu waliokuwa hawajapata damu ya mwalimu tangu vita vya mwisho. Madoa ya chungwa yakaongezeka, mpaka kila mti ukawa nalo. Kisha miti ikakoma. Mbele yao palikuwa na uwazi wenye visiki na lundo kubwa la magogo, na kila gogo lilikuwa na doa la chungwa.

"Walerian," akasema Bogumiła taratibu, "hizo ni alama za bwana misitu. Ni miti ya kukatwa."

Jabari akakaa juu ya gogo, akavua kofia. Jua lilikwisha kupanda, na kutoka upande asioujua upepo ulileta harufu ya moshi na soseji. Aliogopa. Si msitu aliouogopa, bali ile lami, na bata, na watu wanaokusemesha polepole kana kwamba umekuwa mtoto. Maisha yake yote aliwafundisha watoto safari za watu wengine, na msituni tu ndimo alimotembea safari zake mwenyewe.

Bogumiła alikuwa ameshaitoa simu. Alikuwa ameishika mkononi.

"Mama Seweryn," akasema Walerian, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kama watu. "Usipige. Nakuomba."

Bogumiła akamtazama. Akautazama ukuta wa misonobari michanga nyuma ya magogo, iliyosongamana kiasi kwamba mtu mwenye akili hapiti. Akavuta pumzi ndefu, akairudisha simu chini ya kitambaa.

"Inuka," akasema. "Utakachokiona hujakiona. Ukimwambia mtu, hata padri kitubioni, nahamia kwa dada yangu na masufuria yote."

Akaipenya misonobari ile kwa bega, na Walerian nyuma yake. Upande wa pili palikuwa na misalaba ya chuma iliyoinama, na mawe yenye maandishi ya Kijerumani, na baina yao, kila mahali, kofia za kahawia za uyoga, nene, safi, zinazong'aa kwa umande. Yalikuwa makaburi ya Wajerumani waliokaa kijijini kwetu kabla ya vita vikuu vya mwisho kuwafukuza. Kijiji chetu kinajua majina ya mashujaa wa zama za upanga waliokufa chini ya mnara, tunavaa kofia za chuma na kuwaigiza kila Julai, tunauza na bia. Lakini hawa, ambao babu zetu walivirithi vitanda vyao vikiwa bado na mashuka, hatuwataji, wala hatuji huku. Walerian alifundisha historia mpaka akastaafu na hakuleta darasa hata moja.

Bogumiła alipiga magoti karibu na jiwe moja, akalifuta ukungu wa kijani kwa kona ya kitambaa. "Huyu ndiye mwenye nyumba yetu," akasema. "Nikichuma, nampangusia jiwe lake. Ndiyo kodi yenyewe. Ludomir akipajua hapa, atakuja na gari na ndoo na wenzake wote, watakanyaga kila kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungetoa hotuba."

Walerian alifungua mdomo, kifua kikajaa, mkono ukapanda hewani. Kisha akaushusha mkono. Kutoka makaburini ilitoka safu ya miti ya zamani, iliyopandwa na mikono ya watu, ikapanda kilima moja kwa moja mpaka mgongoni mwa Mnara wa Sokolnik.

Walitokea huko nyuma, upande usio na njia, wamejaa miba na tope, wakati Ludomir alikuwa ananyoosha mkono kuichukua soseji ya mwisho. Walerian akaupiga ule mkono kwa ncha ya fimbo, akaitwaa soseji, akaiinua juu mbele ya mnara. "Nimefika!"

"Umefika kutoka wapi?" akauliza Ludomir, akipangusa mkono. "Njia iko huku mbele. Huko nyuma hakuna njia. Wewe, shemeji, umepewa lifti na mtu! Seweryn, usikubali."

Kisha macho yake yakaanguka juu ya kikapu cha dada yake. Kilikuwa kimejaa mpaka kwenye mpini. Akasahau soseji, akasahau haki, akamsogelea Walerian na kumshika bega kwa upole wa ghafla. "Lakini mimi si mtu mbaya. Tuambie tu mmepita wapi, hatua kwa hatua, na mimi mwenyewe nitakuwa shahidi wako."

"Ndiyo, baba," akasema Seweryn. "Sema tu ulipita wapi. Ukisema, yamekwisha, msitu wako."

Enyi wasikilizaji, hapa acheni kumenya viazi! Fikirini mwalimu ambaye maisha yake yote amengoja muuza matairi amuulize swali, na jibu analo, lote, na tarehe zake. Shingo ya Walerian ilivimba. Alimtazama Bogumiła. Bogumiła alikuwa anatazama viatu vyake tu, midomo ameibana.

"Tumepita wapi?" akanena Walerian. "Msituni."

Ludomir akapasuka kwa kicheko. "Amepotea! Hajui alikopita! Kaokotwa barabarani huyu!" Seweryn akatikisa kichwa kwa huzuni, akanyoosha mkono. Na shujaa wetu akainama, akaanza kulegeza kamba za buti.

"Acha hizo," akasema Bogumiła. "Seweryn, rudisha mkono wako. Simu uliyonipa hii hapa, sikuigusa. Tumekuja kwa miguu yetu na nilikuwepo. Goti langu limechoka kubeba kikapu peke yangu, na kuanzia leo baba yako atakwenda nami kila Jumapili. Miaka yote hii natafuta mtu anayeweza kufunga mdomo, sikudhani yumo nyumbani mwangu."

"Lakini mama..."

"Nimesema."

Hivyo ndivyo ulivyotekwa Mnara wa Sokolnik. Mkesha wa Krismasi, nyota ya kwanza ilipotokea, ukoo wote ulikaa mezani mbele ya supu ya uyoga, na Ludomir, akiwa kwenye bakuli la pili, akauliza kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa: "Hivi, shemeji, uyoga mzuri hivi unapatikana wapi?" Walerian akalaza kijiko, akajifuta masharubu, akajibu: "Msituni."

Basi yaandikeni haya, enyi wenye kalamu, na mkitaka chongeni jiwe karibu na lile la Napoleoni. Waswidi walichoma nini, kila mtu anajua. Lakini katika wilaya yetu, mwalimu wa historia aliulizwa swali, akalijua jibu, na hakulitoa. Jambo hilo halikuwa limetokea kabla ya Septemba ile.