Kuhusu Kelele za Barabara Tulivu ya Kerloas

Kwa Mheshimiwa Hervé Kerdraon,
Meya wa Lanvezeg.

Mheshimiwa Meya,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na Bibi Kerdraon na ng'ombe wote, hasa yule aliyekuwa mgonjwa wa kwato. Ukitaka kujua hali yangu, si nzuri sana, na sababu zimo humu.

Mimi ni Enora Talidec, wa nyumba inayotazamana na lango la makaburi. Huenda hunikumbuki kwa sura. Ni yule msichana ambaye kila ukimsalimia anainama kufunga kamba za viatu. Tangu chekechea nimesomeshwa kwa lugha mbili, Kifaransa na Kibretoni, lugha ya jadi ya huku kwetu, na naweza kunyamaza kwa zote mbili bila kosa. Ndiyo maana naandika.

Umetangaza kwamba Ijumaa baraza litaamua kama njia ya baiskeli iendelee kupita kwetu Kerloas au ihamishiwe barabara ya machimbo ya mawe, na kwamba maoni ya wakazi yatasomwa kwa sauti ukumbini. Maoni yangu ni kwamba ihamishwe. Naomba atakayeyasoma asitaje jina langu, wala asiutazame mlango kana kwamba nimesimama hapo, kwa sababu nitakuwa nyumbani na nitajua tu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibao. Mlipokisimamisha kile kibao cha kijani chenye picha ya baiskeli na maneno "Barabara Tulivu", barabara ilikuwa tulivu kweli. Sasa watu wanatoka Rennes, wanatoka Ubelgiji, wanatoka hata Uholanzi, ambako nasikia barabara za baiskeli wanazo za kumwaga, wanakuja kuuona utulivu wetu. Kundi likifika chini ya dirisha langu linasimama, na mmoja wao anawaambia wenzake kwa sauti inayofika mpaka kwenye zizi lako: "Sikilizeni. Hakuna kelele kabisa." Wenzake wanakubali, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ileile. Halafu wanaanza kuujadili utulivu huo.

2. Shimo. Hili unalifahamu, liko mbele ya lango letu, na umetuahidi kuliziba kwa lami kila ulipogombea. Kila Jumapili inapita klabu ya baiskeli ya wazee wa mjini. Desturi yao ni kwamba wa mbele akiona shimo anamwonya wa nyuma yake, naye anamwonya wa nyuma yake. Ni busara kwa watu wasiolijua shimo. Hawa wanalijua, wamelipita majira yote ya machipuko. Hata hivyo ni "Shimo!" na "Shimo!" na "Shimo!" mpaka kwa yule wa mwisho, mzee mnene aitwaye Bwana Tanguy, ambaye hana mtu nyuma yake na kwa hiyo anamwonya mbwa wetu. Mbwa naye anajibu.

Wakiliona trekta lako ni vilevile, ila wanasema "Gari!" Sijui kama ulikuwa na habari.

3. Bomba la makaburini. Kila mwendesha baiskeli wa nchi hii anajua kwamba akiona mnara wa kanisa, makaburi hayako mbali, na makaburini kuna bomba la kumwagilia maua, na maji yake ni baridi na ya bure. Basi wanaingia na chupa zao, viatu vyao vikigonga mawe kama kwato za mbuzi, katikati ya watu wetu waliopumzika. Nakiri kwamba wana adabu. Wanavua kofia, wanafunga lango, hawakanyagi maua. Wangekuwa wahuni barua hii ingekuwa fupi.

4. Bibi yangu. Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo naomba msomaji apunguze mwendo.

Babu Fañch alipofariki wakati wa baridi, Bibi Marivon alinyamaza. Hakuugua, aliacha tu kusema. Watu wazima waliingiwa na hofu. Walikuja na supu, wakamwongelesha polepole kana kwamba ndiye aliyezikwa. Mimi sikuogopa. Nilikaa naye jikoni tukamenya maharage, hakusema kitu, sikusema kitu, na hakukuwa na wa kuniambia, "Enora, na wewe sema basi." Shuleni walimu wameniandikia "anajua lakini hasemi", kwa lugha zote mbili. Kwa Bibi hilo halikuwa kosa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kunyamaza naye. Naomba baraza lielewe kwamba hicho ndicho nilichonyang'anywa.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa tano. Bibi alikuwa bombani akijaza kopo la kumwagilia maua ya Babu. Akaja mwendesha baiskeli mmoja, mtu wa makamo, akapanga foleni nyuma yake na chupa mkononi, akaomba samahani, akauliza kama anaweza kuteka kidogo. Bibi akamkagua kuanzia viatu kwenda juu. Akafika kwenye ile kaptura yao ya kubana. Ndipo akatoa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu mazishi: "Teka tu, mwanangu. Ila hiyo kaptura, mkeo ameiona, au ulitoka amelala?"

Yule bwana alicheka mpaka maji yakamwagika. Nilikuwa nyuma ya lango, niliona yote. Bibi naye alicheka.

Tangu siku hiyo ukuta wa makaburi ndio baraza lake. Amepeleka mto wa kukalia. Hakuna anayepita bila kutupiwa neno. Mholanzi mmoja mrefu aliambiwa ana miguu myeupe kama vitunguu vya liki vilivyopandwa kivulini. Bwana Tanguy aliambiwa ashuke, aibebe baiskeli, nayo ipumzike zamu yake. Bwana Tanguy akamjibu, "Mama Talidec, ungekuwa na miguu kama huo ulimi, sasa hivi ungekuwa umefika Brest." Na Bibi badala ya kuudhika akamkatia keki ya siagi. Siku hizi anaioka kwa ajili yao kila Jumapili. Sisi wa damu yake tunaachiwa kingo.

Baya zaidi ni kwamba maneno yanayobaki anarudi nayo nyumbani. Tukikaa kumenya maharage ananiuliza naonaje hili, naonaje lile, halafu ananingoja.

5. Chumba. Baba alikuwa ameanza kuulizia nafasi ya Bibi katika nyumba ya wazee mjini, nami niliahidiwa chumba chake, ambacho dirisha lake linatazama bustani ya nyuma. Sasa Baba haulizii tena. Ukimkumbusha anajifanya anatafuta miwani. Sikukitaka sana chumba hicho, na siku waliyoniahidi sikula. Nakitaja tu ili baraza lione jinsi baiskeli zinavyovuruga mipango ya familia.

Kwa sababu hizo naomba kibao king'olewe. Kama hakiwezi kung'oka, basi kiandikwe "Barabara ya Kelele", ambayo sasa ndiyo kweli yenyewe. Kama hilo nalo ni gumu, naomba wewe binafsi umwage mbolea ya ng'ombe shambani kila Jumapili asubuhi, kazi ambayo kijiji kizima kinakubali unaiweza. Shimo lizibwe. Bomba lifungwe. Na ikiwa bomba haliwezi kufungwa kwa ajili ya maua, basi makaburi yahamishiwe machimboni, yaifuate njia ya baiskeli huko. Babu hatakuwa na neno, maisha yake yote alikwenda alikoambiwa. Jambo hili nimelifikiria pande zote, isipokuwa namna Bibi atakavyofika machimboni kila asubuhi na kopo lake.

Nisalimie Bi Annick wa ofisini kwako, nisalimie tarishi, nisalimie wajumbe wote wa baraza pamoja na yule anayesinzia, na fundi kengele wa kanisa. Salamu zisizosemwa kwa mdomo hazipungui kitu, au hivyo ndivyo ninavyotumaini.

Ni mimi mkazi wako, mtiifu na mnyamavu,

Enora Talidec

Tanbihi: Barua hii ilikuwa ikufikie jana, Jumapili. Lakini Bibi aliamka na mafua, akanipa keki niipeleke ukutani. "Waambie sijafa," akasema, "na Tanguy mwambie pedali ziko mbili, azitumie zote." Nikamwambia siwezi. Akasema, "Basi kaa tu. Kunyamaza si unajua?"

Nikakaa kwenye mto wake. Wazee wa klabu wakatokea kule kwenye kona. Yule wa mbele hakuwa akitazama barabara, alikuwa akitazama ukutani, akimtafuta Bibi, na shimo lilikuwa mbele ya gurudumu lake. Nikapiga kelele: "Shimo!" Ilitoka kubwa kuliko mimi. Akalikwepa. Wa nyuma yake wakalipokea neno, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa Bwana Tanguy, ambaye alinitazama akasema taratibu, "Shimo, binti," kana kwamba ananirudishia kitu changu.

Walisimama wote kuuliza Bibi yuko wapi. Niliwajibu. Sikumbuki ni kwa lugha gani. Ujumbe wa pedali niliufikisha pia, na nilichekwa, na sikufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo Ijumaa msiisome barua hii. Nitakuja mwenyewe ukumbini kusema njia ibaki kwetu, na Bibi, kama mafua yataruhusu, atakaa mbele aone kama kweli nasema. Kibao kibaki. Bomba libaki. Babu abaki alipo.

Na kuhusu shimo, Mheshimiwa, tafadhali endelea kuahidi.